Una waranti lakini mtengenezaji anakuzungusha: tafuta palipokwama

RAM inaleta makosa, SSD imepotea kwenye BIOS (programu ya bodi inayotangulia Windows kuwaka), kadi ya grafiki inachora mistari ya kijani, na boksi linasema waranti miaka mitatu. Unawaandikia waliotengeneza. Unajibiwa: apdeti draiva, kisha zima na uwashe upya. Unaeleza kwamba hayo ulishayafanya. Baada ya siku kadhaa anajibu mhudumu mwingine, jina jingine, maneno yale yale: apdeti draiva.

Wengi hapo hukata tamaa na kwenda kununua kifaa kingine. Naona wanawahi mno. Madai ya waranti yakikwama huwa yamekwama mahali maalumu, na jibu ulilopewa linakuonyesha ni wapi. Mhudumu hajaiona mashine yako. Ana seriali namba uliyomtumia na fomu yenye mambo machache ya kujaza kabla hajakupa namba ya RMA, yaani kibali cha kurudisha mzigo. Kifaa ni cha kwetu? Waranti bado iko hai? Kimepita kwenye mikono tunayoitambua? Ubovu uko kwenye kifaa hiki au kwa jirani yake? Mteja hajakivunja mwenyewe? Ukizungushwa, ujue kuna swali mojawapo ambalo bado halina jibu kwenye fomu yake.

Nimepanga kwa dalili. Ruka hadi panapofanana na hali yako.

Dalili: anarudia maswali yale yale

Mara nyingi chanzo ni kwamba hujamwonyesha kipande gani ni kibovu. Ukiandika "kompyuta yangu inazima zima", umemweleza ugonjwa wa mashine nzima, naye anahusika na kipande kimoja tu. Hana la kufanya zaidi ya kurudi kwenye orodha yake ya maswali. Kwa hiyo hapa kazi inaanzia mezani kwako, na ndiyo maana sehemu hii nimeirefusha kuliko nyingine zote.

Tuanze na mashine inayozima ghafla. Watu hufungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, wakaona Kernel-Power 41, wakapiga skrinshoti na kuituma kama ushahidi. Haina uzito. Hiyo 41 inasema tu kwamba Windows ilikatika bila kuzimwa kwa utaratibu. Hata ukichomoa waya ukutani utaikuta hiyo hiyo. Unachotakiwa kueleza ni inazima wakati gani. Inazima ukiwa kwenye gemu au unaporenda video, lakini ukiandika barua inatulia? Angalia pawasaplai na joto. Inazima umeme unapokatika ingawa iko kwenye UPS? Usikimbilie kulaumu pawasaplai. UPS nyingi za bei nafuu zikihamia kwenye betri hutoa umeme wa mawimbi ya ngazi ngazi, si wimbi laini kama la ukutani, na baadhi ya pawasaplai za kisasa zenye PFC hai (sakiti inayorekebisha namna zinavyovuta umeme) haziuwezi umeme huo, zinajizima. Chomeka moja kwa moja ukutani, ipe mashine kazi nzito ile ile. Ikitulia, pawasaplai yako ni nzima, na ukiipeleka kwenye waranti itarudi na jibu la "hatukuona tatizo", nawe umelipia usafiri bure.

Skrini ya bluu yenye maneno tofauti kila mara, leo MEMORY_MANAGEMENT, kesho IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, keshokutwa kivinjari kinajifunga chenyewe, mshukiwa wa kwanza ni RAM. Ingia BIOS, zima XMP, mpangilio unaoiongezea RAM kasi (kwenye bodi za AMD unaweza kuitwa EXPO au DOCP), ili RAM irudi kwenye kasi yake ya kawaida, kisha endesha MemTest86, programu ya kupima RAM, kutoka kwenye flashi. Chomeka RAM moja peke yake. Ikimaliza, itoe, weka ya pili kwenye sloti ile ile. Halafu ile iliyoleta makosa ihamishie sloti nyingine. Makosa yakiifuata RAM, hiyo ndiyo mbovu. Yakibaki kwenye sloti bila kujali umechomeka RAM ipi, mgeukie mazabodi, au prosesa, maana siku hizi prosesa ndiyo inayoiendesha RAM moja kwa moja. Mistari myekundu ya MemTest86 ipige picha kwa simu, seriali namba ya RAM ikiwa pembeni kwenye picha hiyo hiyo.

Kuna hali ya katikati: makosa yanatokea XMP ikiwashwa tu. Hapo pana ubishi wa kweli. RAM imeuzwa kwa kasi iliyoandikwa kwenye boksi, lakini bodi na prosesa yako havikuahidi kuifikia. Mtengenezaji atakuuliza kama modeli ya RAM yako imo kwenye QVL, ile orodha ya RAM zilizojaribiwa na waliotengeneza bodi. Itafute kabla hujaulizwa. Ikiwemo, ubishi umeisha. Isipokuwemo, jaribu RAM hiyo kwenye mashine ya rafiki mwenye bodi tofauti, maana bila hivyo watarusha mpira kwa mwenye bodi, na mwenye bodi atawarudishia.

Kwa diski, pakua programu ya CrystalDiskInfo uangalie namba za SMART, yaani kumbukumbu za afya ambazo diski hujiandikia yenyewe. Za kushtua kwenye hadidisk ni 05, C5 na C6: sekta zilizohamishwa, zinazosubiri, na zilizoshindikana kusomeka. Lakini C7 ni kesi nyingine. Hiyo huhesabu makosa ya mawasiliano kati ya diski na bodi, na mara nyingi mkosaji ni kebo ya SATA ya bei ya chini. Badilisha kebo. Namba ya C7 haitashuka, haishukagi, ila isipopanda tena tatizo umelimaliza bila waranti. Jihadhari na jambo moja dogo: CrystalDiskInfo kwa kawaida huonyesha thamani ghafi kwa mfumo wa heksadesimali, kwa hiyo "10" unayoiona ni kumi na sita. Nenda Function, Advanced Feature, Raw Values, uchague 10 [DEC], ndipo upige skrinshoti. Mhudumu anayejua kazi huangalia hilo.

SSD za NVMe, zile bapa zinazochomekwa moja kwa moja kwenye bodi, hazina orodha hiyo. Tazama Available Spare, Percentage Used, na Media and Data Integrity Errors. Na ukumbuke waranti ya SSD ina mipaka miwili: miaka, na kiasi cha data ulichoandika. Samsung 970 EVO Plus ya TB 1, kwa mfano, ina miaka 5 au TB 600 za kuandika, kitakachotangulia. Diski iliyokuwa inarekodi kamera za CCTV usiku na mchana inaweza kuumaliza mpaka wa pili huku wa kwanza haujafika hata nusu.

Kisha kuna pale ujumbe wa kosa wenyewe unapodanganya. Mfano mkubwa wa miaka hii ni prosesa za Intel Core za mezani za kizazi cha 13 na 14. Watu walikuwa wakifungua gemu zilizojengwa kwa Unreal Engine, wakaambiwa kumbukumbu ya video imeisha. Kadi ina GB 24 na gemu inahitaji nane! Wakaanza kugombana na waliotengeneza kadi za grafiki. Kumbe mkosaji alikuwa prosesa, iliyokuwa inakosea hesabu wakati wa kufungua mafaili yaliyobanwa, na kadi ikasingiziwa. Mwaka 2024 Intel walikiri kwamba prosesa hizo zilikuwa zikipata volteji ya juu kupita kiasi, wakatoa marekebisho ya maikrokodi (maelekezo ya ndani ya prosesa) kupitia apdeti za BIOS kuanzia Agosti, na wakaongeza waranti ya prosesa husika zilizouzwa kwenye boksi kwa miaka 2, kutoka 3 hadi 5. Apdeti inazuia uharibifu usiendelee. Haiponyi prosesa ambayo tayari imeumia. Kwa hiyo mwenye i9-13900K inayogoma kufungua faili lililobanwa la 7-Zip ambalo halina kasoro, huku RAM imepita MemTest86, asipoteze muda na watu wa kadi.

Hapo niseme neno la kumtetea mhudumu. Kuna siku "apdeti kwanza" ndiyo dawa yenyewe. Novemba 2019 Hewlett Packard Enterprise walitangaza kwamba baadhi ya SSD zao za seva zingekufa zikifikisha saa 32,768 za kuwaka, pamoja na data yote, isipokuwa zimepewa programu mpya ya ndani. Mwanzoni mwa 2023 SSD za Samsung 990 Pro zilikuwa zikionyesha afya inashuka haraka mno, na apdeti ya Februari ikasimamisha mporomoko huo. Basi fanya apdeti hata kama unaona unapotezewa muda, andika toleo uliloweka, na swali hilo halitarudi tena.

Ukishapata mkosaji, mweleze yote kwa ujumbe mmoja, kwa sentensi fupi ambazo hata zikitafsiriwa na mashine hazipotezi maana. Namna hii:

"Kifaa: RAM ya DDR4, GB 32 (16 × 2), seriali namba ziko kwenye picha ya 1. Kilinunuliwa tarehe iliyo kwenye risiti, picha ya 2. Tatizo: MemTest86 inaonyesha makosa. Nilichojaribu, XMP ikiwa imezimwa: RAM ya kwanza peke yake, sloti A2, makosa. RAM ya pili peke yake, sloti A2, safi. RAM ya kwanza, sloti B2, makosa. BIOS ni toleo jipya. Naomba kubadilishiwa pea nzima kwa waranti."

Huyo hawezi kukuuliza draiva. Nimesema pea nzima kwa sababu RAM zilizouzwa pamoja kwa kawaida hurudishwa pamoja, nzima na mbovu. Tafuta RAM ya kuazima kabla hujatuma, la sivyo utakaa bila mashine.

Na ujibu ndani ya tiketi ile ile. Ukifungua tiketi mpya kwa hasira unarudi mwisho wa foleni, na mhudumu mpya anaanza ukurasa wa kwanza. Ukishatuma majaribio yote na bado anarudia, mwombe kwa upole apeleke kesi ngazi ya pili. Ombi hilo analielewa. Ni sehemu ya kazi yake.

Dalili: "seriali namba haitambuliki" au "bidhaa hii haina waranti kwetu"

Kwanza ondoa kosa la kuandika. Sifuri na herufi O, nane na B, moja na I. Kwenye lebo ya diski kuna P/N, kuna WWN, na kuna S/N. Inayotakiwa ni S/N, yaani seriali namba, peke yake. Kama diski bado inawaka, CrystalDiskInfo itakuandikia seriali namba, unakili tu bila kubahatisha.

Ikiwa namba ni sahihi na bado inakataliwa, sababu iliyo ya kawaida kuliko zote kwa soko letu ni kwamba kifaa kilitengenezwa kwa ajili ya kampuni nyingine, hakikuuzwa rejareja. Mashine nyingi zinazouzwa Kariakoo, Dar es Salaam, na Luthuli, Nairobi, zimetoka maofisini Ulaya. SSD iliyo ndani ikiwa Samsung PM981 au PM9A1, hiyo iliuzwa kwa Dell, Lenovo au HP, na Samsung watakwambia umuone aliyekuuzia mashine. Ina undugu wa karibu na 970 na 980 Pro, lakini kwenye waranti si ndugu kabisa. Prosesa nayo ni vile vile: iliyokuja kwenye boksi lake ina waranti ya mtengenezaji, ila iliyotolewa kwenye trei na kufungwa kwenye kiplastiki, ambayo duka huiuza kwa bei nafuu kidogo, waranti yake iko kwa aliyekuuzia. Ndiyo maana bei ilikuwa nafuu.

Kwa prosesa ya Intel ya boksi, usitupe boksi. Lebo yake ina namba mbili, FPO na ATPO, na utaulizwa zote. FPO imeandikwa pia juu ya prosesa yenyewe, chini ya feni na pesti. Ukifungua ili kuisoma, futa pesti taratibu, piga picha, rudisha.

Laptopu ina njia yake. Dell hutumia Service Tag ya herufi na tarakimu saba, iliyobandikwa chini au iliyomo kwenye BIOS. Iingize kwenye tovuti yao kabla hujailipia, si baada. Saa ya waranti ilianza kuhesabu mashine ilipotoka kwa mtengenezaji, na mwenye duka kusema "hii mpya kabisa" hakuirudishi nyuma.

Sababu nyingine ni mipaka ya nchi. Kifaa kilichonunuliwa Dubai, Deira, kinaweza kuwa halali kabisa na waranti yake ikawa ya huko huko. Mtengenezaji atakuelekeza kwa msambazaji wa Falme za Kiarabu. Hapo njia inayotumika sana ni ya kawaida: mfanyabiashara anayekwenda kufuata mzigo anakibeba. Mpe risiti halisi, nakala ya tiketi, na namba ya RMA iliyokwisha kutolewa. Akienda bila RMA, duka litampokea kwa tabasamu na kumwambia aache kifaa, aje wiki ijayo, wakati ndege yake ni kesho.

Mwisho, kuna bandia. Flashi ya "TB 2" kwa bei ya chakula cha mchana haina mtengenezaji wa kumlalamikia. Ijaribu kwa programu ya H2testw au F3 uone ukubwa wake wa kweli, kisha rudi kwa aliyekuuzia siku hiyo hiyo.

Dalili: risiti yako haikubaliki

Fupi lakini inaumiza. Risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) imechapwa kwenye karatasi ya joto, na ikikaa kwenye pochi au kwenye dashibodi ya gari maandishi hupauka mpaka ikawa nyeupe. Ipige picha siku unayonunua. Pia mara nyingi EFD huandika "computer accessories" na bei tu, hakuna modeli. Kabla hujaondoka dukani mwombe muuzaji aandike modeli na seriali namba kwenye ankara au hata kwenye karatasi yenye mhuri.

Na swali la kumuuliza ni hili:

"Kaka, waranti hii ni ya duka au ya kampuni?"

"Ni mwaka mzima bosi, usiwe na wasiwasi."

"Sawa, lakini ikiharibika nakuletea wewe au nawaandikia wao?"

Akijibu "niletee mimi", basi wakati wa shida usianze na baruapepe ya Taiwan. Nenda dukani. Mwenye duka anarudisha kwa msambazaji wake, na njia hiyo mara nyingi ni ya haraka kuliko yako. Akisema "waandikie wao", mwombe akuandikie hivyo kwenye risiti uone atakavyobadilika.

Kuna wanaokubali risiti ya bei pungufu ili muuzaji apunguze kodi. Mbali na kwamba ni kosa, mtengenezaji akiamua kukurudishia fedha badala ya kifaa, anaweza kuhesabu kilichoandikwa kwenye risiti hiyo.

Dalili: kimya

Angalia spam kwanza. Baruapepe za tiketi hutumwa na mashine, na Gmail haizipendi. Kama ulituma video nzito kama kiambatisho, huenda ujumbe wako haukufika kabisa. Weka video kwenye Google Drive, tuma linki iliyo wazi kwa yeyote. Tiketi nyingi hujifunga zenyewe ukichelewa kujibu, na ujumbe unaoutuma kwenye tiketi iliyofungwa unaweza usisomwe na mtu. Ingia kwenye akaunti yako uangalie hali yake.

Tazama pia kalenda. Watengenezaji wakubwa wa bodi na kadi kama ASUS, MSI na Gigabyte ni wa Taiwan. Mwaka mpya wa Kichina, kati ya mwishoni mwa Januari na katikati ya Februari, ofisi zinafungwa. Kimya cha wakati huo si dharau.

Ukimya ukikushinda, usitafute "customer care" ya kampuni kwenye Google ukapiga namba ya kwanza unayoiona. Matapeli hununua matangazo. Anayekuomba uweke AnyDesk, programu ya kuiendesha kompyuta yako kutoka mbali, ili "aithibitishe waranti", au anayetaka ada kwa M-Pesa ili "aifungue tiketi", si mhudumu. Anwani ichukue kwenye tovuti ya kampuni yenyewe au kwenye kijitabu kilichokuja na boksi.

Dalili: "uharibifu umesababishwa na mteja"

Hapa wengi hupoteza haki yao kwa kukosa picha. Mazabodi ya LGA1700, soketi ya prosesa za Intel, ina pini 1,700 kwenye soketi, nyembamba kama nywele, na zikipinda mbili tu karibu kila mtengenezaji atakataa. Unaweza kuituma nzima ikapindia njiani kwa sababu ulisahau kile kifuniko cheusi cha plastiki. Kirudishe kifuniko kwenye soketi. Kama ulikitupa, omba kwa fundi, huwa wanavyo tele droo nzima. Kabla ya kukifunika, washa tochi ya simu kwa pembeni, piga picha ya soketi kutoka pande mbili mpaka safu za pini zionekane zimenyooka. Kwa prosesa za AMD za AM4 pini ziko kwenye prosesa yenyewe, kwa hiyo picha ni ya chini ya prosesa.

Kadi za grafiki zenye plagi ndogo ya pini 16 nazo zina historia yake. Tangu RTX 4090 ilipotoka Oktoba 2022 zimeonekana plagi zilizoyeyuka, na moja ya sababu zilizotajwa ni plagi kutozama mpaka mwisho. Ukiona plastiki imebadilika rangi, usijaribu kusafisha. Piga picha plagi na waya kama zilivyo, na utume waya pia ukiombwa.

Alama za moshi kwenye pawasaplai baada ya umeme kurudi kwa kishindo ni kesi ngumu. Masharti mengi ya waranti hayahusishi umeme mbaya wala radi, na mhudumu akikuuliza ilikufaje atakunukuu. Sema ukweli, ila sema ulichokiona tu: iliwaka usiku, asubuhi haikuwaka. Kama hukuwa chumbani, huna haja ya kumsimulia hadithi ya radi.

Stika ya "usifungue" watu huiogopa kuliko inavyostahili. Marekani, tume ya biashara ya huko, FTC, iliyaonya makampuni kwa barua mwaka 2018 na tena 2024 kwamba kumnyima mteja waranti kwa stika tu ni kinyume cha sheria yao. Sheria hiyo haifiki kwetu. Lakini kama kifaa kilinunuliwa Marekani na madai yako yanapitia huko, kuitaja kwa adabu kunasaidia.

Kutuma

Mfuko wa antistatiki, ule wa rangi ya fedha, kisha mapovu ya plastiki, kisha boksi gumu. Usifunge kifaa kwa gazeti wala kwa mfuko wa nailoni. Namba ya RMA iandike nje ya boksi na ndani pia. Piga picha ya kila hatua mpaka gamu ya mwisho. Betri ya laptopu iliyovimba usiitume kamwe kwa ndege. Waeleze hali yake kwa picha, wengi wanakubali ushahidi huo na kukwambia uitupe kwa usalama.

Diski ikienda, data imekwenda. Hakuna mtengenezaji anayeahidi kuirudisha, na diski yako inaweza kukarabatiwa ikapelekwa kwa mtu mwingine. Ikiwa imekufa na ndani yake kuna mahesabu ya ofisi au picha za watu wa nyumbani, huwezi tena kuifuta. Binafsi, diski ya namna hiyo nisingeituma, hata kama waranti inanihusu.

Kwa mzigo unaorudi, mwombe mtumaji aandike kwenye hati zake kwamba ni mbadala wa waranti, pamoja na namba ya RMA, ili uwe na cha kumwonyesha afisa forodha. Ukiona hati imeandikwa bei kamili ya kifaa kipya bila maelezo, mwandikie airekebishe kabla mzigo haujaondoka. Mzigo ukishafika uwanja wa ndege ni mabishano.

Dalili: "tumekijaribu, hatukuona tatizo"

Ama ulituma kisicho na kosa, ama ubovu ni wa kuja na kuondoka. Kwa huo wa pili, eleza mazingira: kadi inaanza mistari baada ya saa nzima ya gemu, mashine ikiwa imefungwa, chumba kina joto la Dar la Januari. Fundi wao huijaribu dakika kumi kwenye chumba chenye kiyoyozi, ikapita. Weka karatasi ndani ya boksi, juu ya kifaa, yenye maelezo hayo na linki ya video. Aliyeandikiana nawe na aliyefungua boksi ni watu wawili, na wa pili huenda hajasoma tiketi yako.

Mbadala umefika, nao una shida

Ujaribu siku hiyo hiyo, kabla hujaufunga kwenye mashine ya mteja. Mbadala mara nyingi si mpya, ni uliokarabatiwa, na kwa kawaida unarithi muda wa waranti uliobaki wa ule wa kwanza. Wakikuletea modeli tofauti kwa sababu yako haitengenezwi tena, linganisha kasi, ukubwa na urefu wa kadi ndani ya kesi yako kabla ya kusaini kwamba umeridhika. Mbadala ukiwa mbovu, rudi kwenye tiketi ile ile. Mara ya pili huwa hawakuulizi draiva.

Na kama ni duka linalokataa kutimiza lilichoahidi, si mtengenezaji, usihangaike na baruapepe za nje. Tanzania kuna Tume ya Ushindani, FCC, chini ya sheria ya mwaka 2003, na inashughulikia pia bidhaa bandia. Kenya kuna Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012. Barua moja kwa mwenye duka yenye nakala kwa tume, pamoja na picha ya risiti, huwa inafungua mazungumzo yaliyofungwa kaunta.

Mbadala ukishakubalika, kumbuka una seriali namba mpya ambayo haimo kwenye risiti yako. Barua ya RMA yenye namba ya zamani na mpya ichapishe, ibane pamoja na risiti, maana madai yajayo yataanza na swali: mbona namba hizi hazifanani?